Mazungumzo ya Wazazi wa Gatina: Kutoka Wosia hadi Soga

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanapozungumzia malezi, aghalabu hurejelea wosia. Hutaja Utendi wa Mwana Kupona, hutaja tenzi ambazo Shaaban Robert aliwaandikia wanawe, huongeza methali tano au sita, na mjadala huishia hapo. Taswira inayojengeka ni ya mzazi mmoja anayesema na mtoto mmoja anayesikiliza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ipo fasihi nyingine ya malezi, ambayo haiwakutanishi mzazi na mtoto bali mzazi na mzazi mwenziwe; kwamba fasihi hiyo ina aina zake, kanuni zake na historia yake; na kwamba kuipuuza kumetufanya tutoe hukumu isiyo ya haki juu ya wazazi wa mijini.

Uwanja wa uchunguzi wetu ni Gatina, sehemu ya Kawangware iliyo magharibi mwa jiji la Nairobi. Tangu uchaguzi wa 2013, Gatina ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kawangware, Kabiro, Kilimani na Kileleshwa. Msomaji anayeijua Nairobi ataona mara moja ajabu ya orodha hiyo. Vyumba vya mabati na majumba yenye bustani viko chini ya mbunge mmoja, na wengi wa wanawake wanaofua na kupiga pasi katika majumba hayo hurudi jioni kulala katika vyumba hivyo.

Hapana budi nianze kwa kukiri kosa. Kwa miaka mingi, nilipowapa wanafunzi wangu kazi ya kukusanya fasihi simulizi, niliwaagiza waende mashambani kwa nyanya zao. Baadhi yao walikuwa wamezaliwa na kulelewa Kawangware. Walipanda basi, wakasafiri usiku kucha, wakarudi na ngano za sungura na fisi ambazo zilikwisha kuchapishwa mara nyingi. Mazungumzo waliyoyaacha mlangoni kwa mama zao hayakuhesabiwa. Kosa halikuwa lao. Lilikuwa la mwalimu wao, na kwa kiasi fulani ni la taaluma nzima.

Hata hivyo, taaluma yenyewe ilikwisha kutupa nyenzo. M.M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliyapa mazungumzo nafasi ya utanzu unaojitegemea. Vipera ambavyo shule zetu huvifundisha chini ya utanzu huo ni hotuba, mawaidha, ulumbi, malumbano ya utani na soga. Inakubalika pia kwamba si kila maongezi ni fasihi. Sharti yawe na usanii ndani yake. Swali letu, basi, ni hili: je, wazazi wa Gatina wanapozungumza juu ya watoto wao, usanii huo upo? Na kama upo, ulitoka wapi?

2.0 Wosia na Masharti Yake

Tuanze na wosia wenyewe, ili tuone unahitaji nini. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mama anamwita binti akaribie, aje na wino na karatasi, kisha anaanza kumfunza dini, adabu na namna ya kuishi na mume. Karibu karne moja baadaye, Shaaban Robert aliwatungia wanawe tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume, na kuziingiza katika kitabu chake cha Maisha Yangu.

Tungo hizi zina sifa tatu zinazofanana. Kwanza, msemaji ni mmoja. Mwana Hashima hasemi neno katika utendi wote; kalamu iko mkononi mwake lakini maneno si yake. Pili, msemaji anajua. Hana shaka juu ya dunia atakayoishi mwanawe, kwa kuwa anaitarajia ifanane na dunia aliyoishi yeye. Tatu, msemaji yuko karibu na kifo au anakikumbuka, kwa hiyo maneno yake yana uzito wa mwisho.

Nyuma ya sifa hizi za kifani kuna masharti ya kihistoria. Wosia unahitaji vizazi viwili au vitatu viishi mahali pamoja, vitumie lugha moja, na vitarajie maisha yanayofanana. Mji wa Siyu wa karne ya 19 ulikuwa na masharti hayo, angalau kwa watu wa tabaka la Mwana Kupona. Vijiji vingi vya bara navyo vilikuwa nayo kwa njia yake. Mtoto alipolia usiku, nyanya alikuwa chumba cha pili. Mama kijana hakuhitaji kuuliza majirani, kwa kuwa jibu lilikwisha kuja kabla ya swali.

Hatusemi kwamba wosia ni utungo mbaya, wala kwamba umekufa. Tunasema tu kwamba ni utungo wa mahali ambapo mzazi hayuko peke yake. Tuone sasa jinsi Nairobi ilivyomfanya mzazi awe peke yake.

3.0 Jiji Lililomkataa Mzazi

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na kwa miaka mingi wakoloni walimhesabu Mwafrika aliyeishi humo kuwa mgeni wa muda. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande. Makazi aliyojengewa yalikuwa ya kitanda, si ya nyumba. Mshahara wake ulikadiriwa kwa kipimo cha mtu mseja. Ilichukuliwa kwamba mke na watoto wako shambani wanajilisha. Mwaka 1954, kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba mishahara hiyo haikutosha kukimu familia, ikapendekeza iwekwe katika kiwango cha mtu mwenye mke na watoto. Yaani ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya jiji kukubali, kwa maandishi, kwamba mfanyakazi wake anaweza kuwa baba.

Wakati huo Gatina haikuwa jijini. Dagoretti yote ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu iliyopakana na jiji. Mwaka huohuo wa 1954, mnamo Aprili, Operesheni Anvil iliwakamata na kuwafukuza maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi, na muda si mrefu watu wa hifadhi wakakusanywa katika vijiji vya lazima. Katika kipindi cha uhuru mipaka ya jiji ilipanuliwa, na Dagoretti ikaingizwa ndani. Tofauti moja na Kibera yafaa kukumbukwa hapa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kibera ilihesabiwa kuwa ya serikali, na Wanubi walioishi hapo kwa zaidi ya miaka 100 walipata hati ya pamoja ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Ardhi ya Dagoretti, kwa upande wake, ilikuwa ya familia zenye hatimiliki. Familia hizo zilijenga vyumba vya mbao na mabati, safu kwa safu, na kuvipangisha kwa watu waliotoka Magharibi, Nyanza, Ukambani, Kisii na kwingineko.

Ndivyo ilivyozaliwa ploti. Msomaji asiyeijua aichore hivi: uwanja mwembamba, vyumba kumi au ishirini vinavyotazamana, mfereji mmoja wa maji, choo cha pamoja, na kamba za kuanikia nguo zinazokatiza juu. Katika chumba kimoja huishi Mluhya, cha pili Mkikuyu, cha tatu Mkamba. Nyanya wa kila mtoto yuko mbali, pengine kilomita 400. Mama aliyejifungua mtoto wa kwanza hana chumba cha pili cha kukimbilia usiku. Aliye naye ni jirani, na lugha aliyo nayo kwa ajili ya jirani huyo ni Kiswahili.

Wakati uleule, serikali ya kikoloni ilikuwa na jibu lake kwa swali la malezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilianzishwa Maendeleo ya Wanawake, kwa msukumo wa idara ya maendeleo ya jamii na mafunzo yaliyotolewa katika Jeanes School ya Kabete, shule iliyofunguliwa mwaka 1925, si mbali na hapa tunapopazungumzia. Wanawake walifundishwa usafi, mapishi, ushonaji na utunzaji wa mtoto. Wengi walifaidika, na chama hicho kilipata baadaye viongozi wake Waafrika na malengo yake. Lakini mtindo wa usemi ulikuwa wa wosia uliogeuzwa: msemaji mmoja, anayejua, na msikilizaji asiyesema. Tofauti ni kwamba mara hii msemaji hakuwa mama wala nyanya, alikuwa serikali. Dhana kwamba mama Mwafrika hajui kulea mpaka afundishwe ilizaliwa hapo, nayo ndiyo inayorudi leo katika magazeti na katika mimbari tunapoambiwa kwamba wazazi wa mitaa ya mabanda wameacha malezi.

4.0 Jina la Mtoto kama Mlango

Kabla ya kuzichambua aina za mazungumzo, yafaa tuangalie namna mtu anavyoruhusiwa kuyaingia. Katika ploti, mzazi hujulikana kwa jina la mtoto wake. Anakuwa Mama Brian, Mama Faith, Baba Kevo. Huenda majirani wakaishi miaka kumi bila kulijua jina lake la ubatizo. Desturi ya kumwita mzazi kwa jina la mwanawe si ngeni katika Afrika Mashariki. Ipo pwani na ipo bara. Lakini Gatina imeipa kazi mpya.

Majina ya Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo au Kikamba humtaja mtu na kabila lake kwa pumzi moja. Jina kama Brian halimtaji mtu wa kwao wapi. Anayeitwa Mama Brian ameingia katika mazungumzo kama mzazi tu, na mwenziwe hana haja ya kumhoji zaidi. Tunaweza kuliita jina hili fomula ya ufunguzi, sawa na pale mtambaji anaposema "Paukwa" na hadhira ikaitika "Pakawa". Kwa kuitwa hivyo na kuitika, mama anakubali kwamba jambo la mtoto wake linaweza kuzungumzwa hadharani, na anapata haki ya kuzungumza juu ya watoto wa wengine.

Tuongeze kwamba fomula hii ina ukali wake. Mwanamke asiye na mtoto hana mlango. Aliyefiwa na mtoto wa pekee hubaki na jina linalomchoma kila anapoitwa. Majirani wenye busara hulibadilisha taratibu bila kutangaza, na badiliko hilo, lisilosemwa na mtu, ni mojawapo ya vitendo vya kiungwana zaidi katika lugha ya ploti.

5.0 Aina za Mazungumzo

5.1 Ulizo

Aina ya kwanza ni ulizo. Mama mwenye wasiwasi kwa kawaida haulizi moja kwa moja. Hasemi, "Mtoto wangu hatembei, nifanyeje?" Huuliza, akiwa amekunja nguo au anakinga maji, "Kwani wako alianza kutembea lini?" Kwa sura, swali hilo linahusu mtoto wa mwingine, kwa maana, linamhusu wake. Huu ni usemi wa mafumbo, na anayeulizwa anatarajiwa kulifumbua bila kulitaja. Akijibu kwa kiburi, "Wangu alitembea kwa miezi tisa," amevunja kanuni. Jibu la adabu huacha nafasi: huanza na mtoto aliyechelewa, awe wake au wa dada yake, kisha ndipo hufika kwenye wengine.

Tukikumbuka Mwana Hashima asiyesema, tutaona umuhimu wa ulizo. Hapa mazungumzo huanza kwa asiyejua. Anayetafuta elimu ndiye anayechagua wakati, mahali na msikilizaji.

5.2 Kisa cha ushuhuda

Ulizo huzaa kisa. Anayejibu hatoi amri, hutoa tukio. Fomula yake ni "Wangu pia," na muundo wake una hatua tatu zisizobadilika sana: hofu, hatua iliyochukuliwa, matokeo. Mtoto alilia usiku wiki mbili, nilimfanyia hivi, akanyamaza au hakunyamaza. Kisa hiki ni kifupi, kwa kuwa maji yanajaa mtungini na foleni inasogea. Fanani hana muda wa takriri na nyimbo. Lakini ana mbinu zake: sauti ya kuiga kilio, ishara ya mkono, na hasa kukiri kosa. Kisa kisicho na kosa la msimuliaji hakiaminiki. Mamlaka ya wosia hutokana na umri na cheo. Mamlaka ya kisa hiki hutokana na kuonekana kwamba nawe uliwahi kushindwa.

Methali isemayo "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi" hutumiwa mara nyingi kumnyamazisha asiye mzazi. Katika kisa cha ushuhuda hutumiwa kinyume chake: huwakaribisha wote walioupitia uchungu huo kukaa meza moja, bila kujali umri.

5.3 Mawaidha yanayojibiwa

Mawaidha hayakutoweka Gatina. Yapo kanisani, yapo msikitini, yapo kliniki. Muuguzi huyatoa huku akishika kijitabu cha mama na mtoto: maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, chanjo katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua katika miezi 9 na tena 18. Lugha yake ni ya amri na katazo, "mlete," "usimpe," "hakikisha," na kisarufi haiko mbali na ile ya tenzi za wosia. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba wamepewa jina jipya la wahamasishaji wa afya ya jamii, nao huyabeba mawaidha hayo hadi ndani ya ploti.

Jambo linalotuvutia kifasihi hutokea baadaye. Akina mama wakishatoka kliniki, mawaidha hufanyiwa uhakiki. Miezi 6 bila hata maji? Na mimi ninayetoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kutafuta kibarua cha kufua, nikamwacha mtoto kwa mama wa kulea watoto hadi jioni? Mmoja huyatetea maneno ya muuguzi, mwingine huleta ya nyanya, wa tatu huleta kisa chake. Haya si maasi. Ni namna ya kuyapima maneno ya jumla kwa maisha mahususi, na kwa kawaida hufikia maafikiano: wa mapema akamue maziwa, wa karibu arudi saa saba. Wosia uliokuwa hauna jibu hapa umepata jibu.

5.4 Utani

Utani wa malezi huwahusu zaidi watoto wakubwa, na mada yake kuu ni lugha. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima linalotahiniwa, na Katiba ya 2010 ikakitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini mtoto wa Gatina hukua katika Sheng. Mama aliyetoka Kakamega na mwenziwe aliyetoka Murang'a hukutana katika Kiswahili. Watoto wao hukutana katika lugha ambayo hakuna kati ya mama hao anayeidhibiti. Mama hulalamika kwa kicheko kwamba amekuwa "mathe" na mumewe "buda", kana kwamba majina yao yamenyang'anywa.

Utani huu ni njia ya kusema jambo zito bila kuumiza. Chini yake kuna hofu: mtoto amekuwa na dunia ambayo mzazi haioni. Mzazi akilisema hilo kwa uzito, majirani watatafuta wa kulaumiwa. Akilisema kwa utani, kila mmoja hucheka, na kila mmoja hukiri kwamba kwake ni vivyo hivyo.

5.5 Malalamiko ya akina baba

Huenda msomaji akauliza, akina baba wako wapi? Wapo, ila aina yao ya mazungumzo hujificha. Kwa kinyozi, kwenye kituo cha matatu, au wakisubiri kazi ya mjengo, wanaume hawaulizani mtoto alianza kutembea lini. Huzungumza juu ya karo. Elimu ya msingi bila malipo ilirejeshwa Januari 2003, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Lakini shule za umma karibu na mitaa ya mabanda hazikutosha, na familia nyingi zilibaki katika shule ndogo za kulipia. Mnamo Septemba 23, 2019, jengo la shule moja ya aina hiyo liliporomoka huko Ng'ando, si mbali na Gatina, na watoto wasiopungua saba wakafa. Wanaume walilizungumza tukio hilo kama habari ya mbao, mabati na leseni. Anayesikiliza kwa makini angetambua kwamba walikuwa wakizungumza juu ya watoto wao.

Malalamiko ya karo, kwa hiyo, si siasa tu wala si uchumi tu. Ni lugha ambayo mwanamume aliyefundishwa kwamba ulezi ni kazi ya mama ameipata ili ausemee ulezi wake.

5.6 Wito wa mchango

Aina ya mwisho ni wito. Mtoto amelazwa, bili imefika. Mwenyekiti wa chama cha akina mama, au mzee wa ploti, husimama na kusema. Huu ndio ulumbi wa Gatina. Hufuata mpangilio: humtaja mzazi kwa jina la mtoto, hutaja tatizo bila kutia chumvi, hukumbusha msiba au ugonjwa wa awali ambapo mzazi huyo alichangia, kisha hutaja kiasi cha chini ili maskini zaidi asione haya. Methali ya "Mkono mmoja haulei mwana" hapa si pambo. Ni hoja, na hadhira huijibu kwa fedha.

6.0 Mazungumzo Yanapoharibika na Yanapokatika

Tungekuwa tunajidanganya kama tungeyachora mazungumzo haya kana kwamba ni mema daima. Soga hugeuka umbea. Msichana aliyepata mimba akiwa shuleni huhukumiwa mfereji uleule uliomlea. Mama wa mtoto mwenye ulemavu husikia maneno ya laana yakisemwa kwa sauti ya chini inayokusudiwa isikike. Kisa cha ushuhuda, kwa sababu nguvu yake hutokana na tukio moja, kinaweza kuishinda kweli inayotokana na matukio elfu. Mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki nchini walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ilikuwa na kiambato cha kuzuia uzazi. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Ubishi wa aina hiyo ukishaingia katika ploti huvaa sura ya kisa, na kisa hakijibiwi kwa taarifa ya wizara. Hujibiwa na mama mwingine asemaye, "Mimi nilichanjwa, na huyu hapa wa pili."

Kuna pia nyakati ambapo mazungumzo hukatika kabisa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na tena mwishoni mwa Oktoba 2017 baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware ilikumbwa na ghasia za kikabila. Mwaka 2017 maduka yaliteketezwa na baadhi ya wakazi wakayahama makazi yao. Katika siku kama hizo jina la Mama Brian halitoshi tena kuwa mlango, maana watu hutaka kujua Brian ni wa ukoo gani. Hapa ndipo thamani ya utanzu huu huonekana, kwa kukosekana kwake: mfereji mmoja, foleni ileile, na hakuna anayeuliza. Yanaporudi, mazungumzo hayarudi kwa hotuba ya amani. Hurudi kwa ulizo dogo kuhusu mtoto, kwa kuwa ndilo swali ambalo adui na rafiki wanaweza kuulizana bila aibu.

Mwaka 2020 ulileta mkatiko wa namna nyingine. Shule zilifungwa kwa amri katikati ya Machi kwa sababu ya Korona, na wanafunzi wote hawakurejea hadi Januari 2021. Kibarua cha kufua kilipungua, kwa kuwa wenye majumba waliogopa wageni. Wazazi na watoto walibaki pamoja mchana kutwa katika chumba kimoja. Wale waliozoea kusema kwamba wazazi wa mabanda hawako na watoto wao wangefaa kuuliza wakati ule ni nini kilichokuwa kikiwatenganisha siku nyingine.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mazungumzo ya wazazi wa Gatina yana aina zinazotambulika: ulizo, kisa cha ushuhuda, mawaidha yanayojibiwa, utani, malalamiko na wito. Kila aina ina fomula, ina kanuni za adabu na ina mbinu za kisanaa. Tumeona pia kwamba hazikuzuka kwa uvivu wala kwa kusahau mila. Zilizuka kwa sababu historia ya Nairobi iliwaleta wafanyakazi na kuwakatalia familia, kisha ikawarundika wageni wa lugha mbalimbali katika uwanja mmoja, mbali na nyanya zao. Wosia ulipokosa masharti yake, wazazi walijitungia kitu kingine kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wao haikuwa ya mama.

Kwa hiyo, anayedai kwamba wazazi hawa wameacha malezi anafanya kosa la uhakiki kabla hajafanya kosa la maadili. Anatafuta utanzu asioukuta, na kwa kuwa hajaukuta anadhani hakuna usemi. Aidha, historia ya fasihi ya malezi tunayoifundisha, inayoanza kwa Mwana Kupona na kuishia kwa Shaaban Robert, ni historia ya msemaji tu. Bado hatujaandika historia ya Mwana Hashima alipokuwa mama na kukaa na mama wenziwe barazani. Huenda walicheka, wakaulizana, wakakiri makosa. Hatuna nakala ya maneno hayo kwa sababu hakuna aliyedhani ni fasihi.

Nimeubadilisha mgawo wa wanafunzi wangu. Anayetoka Kawangware sasa huruhusiwa kupanda matatu ya 46 na kurudi nyumbani, kwa masharti mawili: asirekodi bila ruhusa, na asiandike jina la mtoto yeyote, kwa kuwa tumeona jina hilo linabeba nini. Wamegundua haraka kwamba kazi hii ni ngumu kuliko ile ya sungura na fisi. Ngano humpokea yeyote anayekuja na daftari. Mfereji humuuliza kwanza mgeni yeye ni mama nani au baba nani, na asiye na jibu husubiri mtungi wake ujae, kisha huondoka.